Njaa ya Mizani

Mazungumzo ya leo yanaanzia kwenye kazi ambayo Bukavu haina, kazi ya mpanda farasi wa mashindano. Milima yetu haina uwanja wa farasi. Tukitaka kuona mbio zao tutasafiri hadi Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954. Lakini wapanda farasi wana la kutufundisha sisi wenye vilabu vya boksi na judo, kwa sababu hakuna wanamichezo wanaosimama juu ya mizani mara nyingi kuliko wao. Nami ninalotetea leo ni hili: kijana anapojinyima na kujikausha ili atoshe kwenye mizani, kosa la kwanza ni la kanuni iliyompangia kilo zake na saa ya kupimwa. Kumhubiria yeye peke yake, na kuiacha kanuni ilivyo, ni kumwonea.

Tuangalie kwanza kazi yenyewe ilivyo. Katika boksi mtu hupewa uzani wake, naye hupigana na mwenzake wa uzani huo. Katika mbio za farasi, anayepangiwa kilo ni farasi. Kwenye mbio nyingi kuna afisa anayegawa mizigo: farasi aliyeshinda sana hubebeshwa zaidi, aliye dhaifu hupunguziwa, ili wote wawe na nafasi ya kushinda. Mpandaji huingia chumba cha mizani akiwa amekumbatia tandiko lake, akakaa au kusimama juu ya mizani na mavazi yake na viatu vyake, na vyote huhesabiwa pamoja na mwili. Akikutwa mwepesi kuliko kilo alizopangiwa farasi, hakuna shida: huchukua vipande vya madini ya risasi, akavitia kwenye vijifuko vya kitambaa kinachowekwa chini ya tandiko, na mambo yamekwisha. Baada ya mbio wale waliofika mbele hurudi kwenye mizani ile ile, na aliyepungua kupita kiasi kinachoruhusiwa humkosesha farasi wake ushindi. Sasa tazama upande wa pili. Mwepesi huongeza risasi kwa dakika moja. Mzito hana tandiko la kupunguza zaidi ya lile jepesi alilonalo tayari, kwa hiyo kinachobaki kupunguzwa ni mwili wake. Tena bondia hupigana mara chache kwa mwaka, lakini mpanda farasi anaweza kupimwa mara kadhaa kwa siku moja, siku kadhaa za juma, miezi nenda miezi rudi. Hana msimu wa kula.

Ndiyo maana njia zao za kupunguza kilo zimekuwa za kikatili tangu zamani. Kuna kushinda na njaa, kuna kukimbia umevaa nguo tatu nne juu ya nailoni, kuna kukaa kwenye chumba cha mvuke mpaka jasho lishindwe kutoka, kuna vidonge vya kukojoza, dawa za kuharisha, na kujitapisha baada ya kula. Fred Archer, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa wapanda farasi wa nchi yake miaka 13 mfululizo, alizijua karibu zote. Alikuwa mrefu, kama mita 1.78, na wakati wa baridi, mbio zikisimama, mwili wake ulirudi karibu kilo 70. Msimu ukifunguliwa alitakiwa kuwa karibu kilo 54. Daktari mmoja wa mji wa Newmarket alimtengenezea dawa kali ya kuharisha, naye aliinywa miaka yote hiyo huku akila vijiko vichache vya chakula. Mwezi wa 10 mwaka 1886 alijinyima kwa siku tatu ili ampande farasi aitwaye St Mirin, akashindwa kwa tofauti ya kichwa cha farasi tu. Mwili uliochoka hivyo ulivamiwa na homa kali, na tarehe 8 mwezi wa 11, akili ikiwa imevurugika kwa homa, alijiua. Alikuwa na miaka 29. Mke wake alikuwa amefariki miaka miwili kabla kwa uzazi, na sitasema kwamba njaa peke yake ndiyo iliyomwua. Ninachosema ni kwamba kwa miaka 13 watu wenye mamlaka walimwona akikonda mbele yao, wakashangilia, na kilo za kanuni hazikuguswa.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo vijana wengi wanapodanganyika. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori zipatazo 7,700. Mtu mzima anayefanya mazoezi hutumia, tuseme, kalori 3,000 kwa siku. Hata asipotia kitu mdomoni kwa siku tatu, mafuta atakayounguza hayafiki kilo moja na nusu. Basi kama kijana wa kilo 65 ameshuka kilo 5 kati ya Jumatano na Jumamosi, jueni kwamba sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji, na kidogo ni chakula kilichotoka tumboni. Lita moja ya maji ni kilo moja; mizani haitofautishi. Na huyo aliyepoteza kilo 5 amepoteza karibu asilimia 8 ya mwili wake. Sisi wa Kivu tunazijua asilimia hizo kutoka mahali pengine. Kwenye vituo vya kutibu kipindupindu, mgonjwa aliyepoteza kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wake kwa maji hukalishwa chini ya uangalizi na kunyweshwa maji ya sukari na chumvi kwa saa kadhaa. Akipita asilimia 10 anatundikiwa serumu mara moja, kwa sababu kifo kiko mlangoni. Mwezi wa 7 mwaka 1994, kambi za wakimbizi karibu na Goma zilipovamiwa na kipindupindu, maelfu walikufa kwa siku chache kwa kukaukiwa tu. Najua kipindupindu hutoa chumvi nyingi kuliko jasho, na magonjwa hayafanani. Lakini damu iliyopungua maji huufanya moyo upige mbio vilevile, figo huumia vilevile, na mwili uliokosa jasho hushindwa kujipoza. Hali ambayo kwa mgonjwa tunaiita hatari, kwa mwanamichezo hatuna sababu ya kuiita maandalizi.

Mkoa wetu una somo jingine juu ya mizani, na ni la uchungu zaidi. Watafiti wa kituo cha Lwiro, na baada yao Comité Anti-Bwaki iliyozaliwa hapa Bukavu miaka ya 1960, walihangaika miaka mingi na bwaki, ugonjwa wa mtoto anayeshibishwa muhogo bila kupata samaki, maharagwe wala maziwa. Mtoto wa bwaki huvimba miguu na uso. Ukimweka kwenye mizani anaweza kuonyesha kilo za kuridhisha, kumbe nyingi ni maji yaliyojikusanya chini ya ngozi. Kwa hiyo muuguzi haamini mizani peke yake. Humbonyeza mtoto juu ya mguu kwa kidole gumba, akahesabu sekunde tatu, akaachia. Shimo likibaki pale kwenye ngozi, amejua. Na dawa na chakula vikianza kufanya kazi, uvimbe hunywea na kilo hushuka kwanza, mama akaogopa kwamba mtoto anazidi kukonda, hali kumbe anapona. Wauguzi wetu wamejifunza zamani kwamba kilo ni habari nusu: lazima uulize kilo hizo ni za nini. Swali hilo hilo viongozi wa michezo hawaliulizi. Wanasoma namba, wanaandika kwenye karatasi, wanasema kijana ametosha.

Wapo watakaonijibu kwamba hii ndiyo nidhamu ya mchezo. Bingwa, watasema, hutengenezwa na kujinyima, na asiyeweza kulala na njaa siku mbili hawezi kustahimili raundi kumi na mbili. Ni hoja ya zamani na ina heshima yake, kwa sababu kweli mchezo unataka kujizuia. Lakini tukumbuke pambano kubwa kuliko yote yaliyopiganwa kwenye ardhi ya nchi hii, la Kinshasa, tarehe 30 mwezi wa 10, 1974. Muhammad Ali alipimwa karibu kilo 98, George Foreman karibu 100, na uzani wao haukuwa na kikomo cha juu. Hakuna kati yao aliyehitaji kujikausha ili apigane. Je, kuna mtu anayethubutu kusema usiku ule ulikosa nidhamu? Ali alishinda kwa kufikiri, kwa kuvumilia ngumi akiegemea kamba mpaka mwenzake akachoka, na kazi hiyo yote inafanywa na ubongo uliolishwa na misuli iliyonyweshwa. Kujinyima kwa mwezi mzima, kwa kupunguza mafuta na pombe na kulala mapema, hiyo naiita nidhamu. Kukausha damu siku mbili kabla ya pambano humnyang'anya kijana zile nguvu alizozipata kwa nidhamu yake. Kwa mpanda farasi ni hatari zaidi: yuko juu ya mnyama wa karibu kilo 500 anayekimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na uamuzi wa kupita kushoto au kulia unatakiwa papo hapo. Utafiti uliofanywa Ireland umeonyesha pia kwamba wengi wao wana mifupa iliyopungua uimara, na hii ni kazi ambayo kuanguka kumo ndani yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalichukua kwa uzito wake. Watu husema kilo ziliwekwa kwa ajili ya ulinzi: farasi asielemewe, na bondia mdogo asipigwe na mkubwa. Ni kweli, na sina nia ya kuondoa uzani. Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa bingwa wa dunia wa uzani wa kati mwaka 1987, na Ilunga Makabu alitwaa mkanda wake Kinshasa mwezi wa 1 mwaka 2020 katika uzani usiozidi kilo 90.7; bila uzani wangeishia kupambana na majitu. Shida ni kwamba saa ya kupima imeharibu ulinzi wenyewe. Tangu miaka ya 1980 mabondia wa kulipwa hupimwa siku moja kabla ya pambano. Nia ilikuwa nzuri: wapate muda wa kunywa na kula. Matokeo yake ni kwamba mtu hujikausha akapimwa mdogo, kisha akapanda ulingoni akiwa mkubwa. Mwezi wa 2 mwaka 2000, mjini New York, Arturo Gatti alipimwa kwa pambano la kilo 64 dhidi ya Joey Gamache. Usiku uliofuata Gatti aliingia ulingoni akiwa na takriban kilo 72. Gamache alianguka raundi ya pili, ubongo ukaumia, hakupigana tena maishani mwake. Uzani uliowekwa kumlinda ulikuwa umebaki kwenye karatasi.

Basi tupime asubuhi ile ile ya pambano? Hapo atasimama mtu mwenye akili aniulize: na wale watakaojikausha hata hivyo, wakaingia ulingoni wakiwa wakavu, ubongo wao hautakuwa kwenye hatari kubwa zaidi? Ndiyo, utakuwa. Kubadili saa peke yake hakutoshi, na anayesema kunatosha anacheza na maisha ya watu. Jibu tunalipata Marekani, kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa mwaka 1997, katika kipindi cha wiki tano hivi, wanafunzi watatu wa vyuo vikuu, wote wacheza mieleka, walikufa wakijipunguza kilo. Walikuwa wakifanya mazoezi kwenye joto, na mavazi yasiyopitisha jasho. Kufikia mwaka uliofuata, wasimamizi wa mchezo walikuwa wamebadili mambo kadhaa kwa pamoja. Walikataza vyumba vya mvuke na nguo za mpira, wakaisogeza mizani karibu na saa ya pambano, na wakaanza kumpima kila mchezaji mwanzoni mwa msimu, mkojo wake ukionyesha kwamba amekunywa maji ya kutosha, ili kumwekea kilo ya chini ambayo hataruhusiwa kuivuka msimu mzima. Watafiti waliowafuatilia wanamieleka baadaye walikuta kwamba ule upunguzaji wa haraka ulikuwa umeshuka. Vijana walikuwa na tamaa ile ile ya kushinda. Kilichobadilika ni kwamba kujikausha hakukuwa na faida tena. Huko Asia, shirika la mapigano la ONE Championship lilichukua njia ya namna hiyo, ya kupima mkojo na kilo pamoja, baada ya Mchina Yang Jian Bing, kijana wa miaka 21, kufa Manila mwezi wa 12 mwaka 2015 akijiandaa kupimwa. Nayo judo ya kimataifa hupima jioni ya kuamkia mashindano, lakini asubuhi wachezaji kadhaa huchaguliwa kwa kura na kurudishwa kwenye mizani, na aliyepita kikomo kwa zaidi ya asilimia 5 anaondolewa. Aliye kwenye uzani wa kilo 66 akiamka na kilo 70 na kura ikamwangukia, ametoka.

Hata kwenye farasi, ambako mila ni nzito, kanuni zimeanza kulegea. Uingereza iliondoa vyumba vya mvuke kwenye viwanja vyake vya mbio mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikapandisha kilo ya chini kwa karibu kilo moja. Ni hatua ndogo mno, kwa maoni yangu, kwa kuwa vijana wanaoingia kazi hiyo leo ni warefu na wazito kuliko babu zao, na mwili hauwezi kurudishwa nyuma kwa amri. Wanasayansi wa chuo kikuu cha Liverpool John Moores wameonyesha kwamba mpanda farasi akila milo midogo mara nyingi kwa siku, yenye protini ya kutosha, anaweza kushusha mafuta kwa wiki kadhaa bila kukauka. Na kwa anayedai kwamba mwenye mnyama hana la kufanya mbele ya mila, tutazame Ghuba. Kwa miaka mingi mbio za ngamia huko zilitumia watoto wadogo kutoka Sudan, Mauritania, Pakistan na Bangladesh, wakinyimwa chakula ili wabaki wepesi. Mwaka 2005 Umoja wa Falme za Kiarabu ulitunga sheria ya kukataza walio chini ya miaka 18, watoto zaidi ya elfu moja wakarudishwa makwao kwa ushirikiano na UNICEF, na juu ya ngamia zikawekwa mashine ndogo. Mbio hazikufa. Ngamia wanakimbia mpaka leo.

Linabaki neno la umaskini, ambalo hapa kwetu humaliza kila mazungumzo. Tutaambiwa kwamba Amerika ina maabara na wataalamu wa lishe, sisi tuna mizani moja ya kukopa. Nakataa. Kilo ya chini ya msimu inataka daftari, kalamu na mizani ileile: mpime kijana kila Jumatatu kabla ya mazoezi, akiwa amekunywa na kula kama kawaida, uandike. Baada ya wiki nne utakuwa na ukweli wote unaouhitaji juu ya uzani wake halali. Akitaka kushuka, nusu kilo kwa wiki inamtosha, na isizidi kilo moja. Mkojo mweusi kama chai unaonekana kwa macho bila maabara. Chakula kipo sokoni: sambaza, maharagwe, lengalenga, sombe isiyozamishwa kwenye mawese, yai likipatikana, na bugali ipunguzwe badala ya kuondolewa. Mchana kwenye mazoezi anywe maji. Msichana ambaye hedhi yake imekatika kwa sababu ya kujinyima asipongezwe, apelekwe kwa munganga, kwa sababu mifupa yake inaanza kulipa deni. Na mtoto ambaye bado anakua asipunguzwe kilo hata moja. Apandishwe uzani, hata kama klabu itapoteza medali.

Kwa hiyo nawageukia ninyi mnaoandaa mapambano Bukavu na mkoa mzima wa Kivu ya Kusini. Hamhitaji kusubiri barua kutoka Kinshasa. Kabla ya mashindano yanayofuata, kubalianeni mambo matatu: daftari la kilo la kila klabu lifike mezani pamoja na mchezaji, mizani ipandwe asubuhi ya pambano mbele ya makocha wote, na aliyeshuka zaidi ya kilo mbili kutoka kipimo chake cha wiki iliyotangulia asipigane siku hiyo. Nanyi wazazi, baba na mama mnaonisikiliza, kijana wenu akikataa chakula na maji kwa siku mbili kwa sababu Jumamosi anapimwa, msimwache aende peke yake. Nendeni naye mpaka kwa kocha, mwulizeni mbele ya kijana ni nani aliyempangia kilo hizo, na msiondoke kabla hajawafungulia daftari.